MGENI SIKU YA TATU MPE JEMBE: HISTORIA FUPI YA KUJIFUNZA BIASHARA ARUA NA KOBOKO



Kamati imetuomba sisi walimu tujaze ukurasa wa historia katika toleo hili la kumbukumbu ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Safari hii tumechagua jambo ambalo kila mmoja wetu analigusa kila siku bila kufikiri kwamba ni historia, yaani jinsi watu wa pande hizi, wenyeji na wakimbizi, walivyojifunza kujitafutia riziki kwa biashara na kazi za mikono.

Tumelichagua kwa sababu ya swali tuliloulizwa. Asubuhi tunafundisha watoto wa shule ya msingi. Jioni, mara mbili kwa juma, tunakaa chini ya mwembe na watu wazima, wengi wao akina mama, katika darasa la hesabu na biashara. Siku ya kwanza ya darasa hilo tuliandika ubaoni neno UJASIRIAMALI kwa herufi kubwa, tukaanza kueleza maana yake kama tulivyoisoma. Mama mmoja anayeuza mandazi akainua mkono. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "mimi nimeuza mandazi tangu nikiwa Congo. Nimelea watoto watano kwa mandazi. Wewe umewahi kuuza nini?"

Darasa zima lilicheka, nasi tukacheka nao. Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Chuo cha ualimu kilitufundisha kupanga somo, kushika chaki na kusahihisha madaftari. Hakikutufundisha kuuza hata kiberiti. Makala haya ni jaribio letu la kumjibu mama yule.

KABLA YA NENO "UJASIRIAMALI"

Neno lenyewe ni jipya. Limeundwa kwa kuunganisha ujasiri na mali, na wazee wetu hawakulijua. Lakini kazi yenyewe ni ya zamani.

Pande hizi zimebadilishiwa bendera mara nyingi. Eneo la Lado, ambamo Arua na Koboko zilikuwemo, lilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 likarudishwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Hapo ndipo kituo cha serikali cha Arua kilipoanzishwa. Waliochora mipaka hawakuwauliza Wakakwa, ambao hadi leo wako Uganda, Congo na Sudan ya Kusini, wala Walugbara, ambao wako Uganda na Congo. Kwa hiyo mtu aliyezoea kupeleka mbuzi kwa mjomba wake alijikuta siku moja anaambiwa kwamba anafanya biashara ya nchi za nje.

Serikali ya kikoloni iliitazama West Nile zaidi kama mahali pa kupata askari na vibarua. Vijana walikwenda jeshini, wengine wakaenda kusini kwenye mashamba ya miwa. Waliorudi walileta fedha kidogo, baiskeli, na Kiswahili cha kambi za jeshi na mashamba. Wengi wa wenyeji wetu wazee walikipata Kiswahili kwa njia hiyo, si shuleni.

Na biashara je, ilifundishwa wapi? Ilifundishwa kazini. Mtoto wa mhunzi alivuta mivukuto kabla ya kupewa nyundo. Binti wa Kinubi alikaa karibu na mama yake akichambua ukindu na kuutia rangi, hata mikono ikajua yenyewe jinsi ya kusuka vile vikapu vya rangi ambavyo Wanubi wanasifiwa navyo. Mtoto wa mchuuzi alibeba mzigo siku ya soko, akatazama, akatumwa chenji, akakosea, akakemewa, akarudia. Hakuna aliyemwambia kwamba leo tuna somo. Shule kwa upande wake ilitayarisha makarani, wakalimani na walimu. Tangu wakati huo tumekuwa na nyumba mbili za elimu zisizosalimiana: shule na soko.

SHULE YA UKIMBIZI

Vijana wetu, hasa waliozaliwa hapa, hudhani kwamba mkimbizi ni sisi na mwenyeji ni Mganda, na kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Sivyo.

Serikali ya Idi Amin ilianguka Aprili 1979. Kwa kuwa Amin alihesabiwa kuwa mtoto wa pande hizi, watu wa West Nile waliogopa kulipiziwa kisasi, na hofu yao ilikuwa na msingi. Wengi walivuka mpaka mwaka huohuo. Wengine wengi zaidi walivuka kuanzia Oktoba 1980, mapigano yalipoanza na jeshi likawageukia raia. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari. Miji ilibaki mitupu. Watu kwa malaki walikaa Sudan na Zaire, na wengi hawakurudi ila baada ya miaka kadhaa.

Kwa hiyo babu wa mwenyeji anayetukodisha shamba leo alikuwa mkimbizi kwetu, upande wa Aru na Ariwara, au upande wa Yei. Alifika mikono mitupu kama sisi. Alilima vibarua, akaokota kuni akauza, akanunua chumvi kwa wingi akaigawa katika mafungu madogo. Mtafiti Barbara Harrell-Bond aliishi na kufanya kazi kati ya wakimbizi wa Uganda huko Yei, na mwaka 1986 akatoa kitabu kiitwacho Imposing Aid. Alichokieleza ndicho ambacho kila mkimbizi anakijua: watoaji wa misaada waliwaona wakimbizi kama watu wasiojiweza, na huku wakimbizi wenyewe wanahangaika kutwa kucha kujiwezesha, wengi wao nje kabisa ya kambi.

Mfano mmoja unajulikana sana mjini Arua. Baada ya watu kurudi, vijana wengi hawakuwa na shule wala kazi, lakini walikuwa wamejua njia, lugha na watu wa ng'ambo. Baadhi yao wakaanza kuvusha mafuta kutoka Congo na kuyauza kwa madumu na chupa kandokando ya barabara. Watu wakawaita "OPEC Boys", kwa mfano wa umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani. Mtafiti Kristof Titeca ameandika kwa kirefu habari zao. Hatusifu magendo. Mafuta yasiyolipiwa ushuru yaliinyima serikali mapato, na petroli iliyowekwa katika chupa ni hatari. Hata hivyo sisi walimu hatuna budi kujiuliza vijana wale walijifunza wapi mambo matatu yafuatayo, ambayo wahitimu wengi hawayajui. Kwanza, kujua kwa nini bei ya hapa si bei ya pale. Pili, kupewa mali kwa mkopo bila karatasi na kuirudisha kwa siku iliyoahidiwa. Tatu, kuwa na chama chenye kiongozi na adabu yake, ili mmoja akikamatwa au akifiwa asiachwe peke yake. Walijifunza ukimbizini, kutoka kwa watu, kati ya watu.

WAGENI WAPYA NA JEMBE

Miaka ya 1990 gurudumu lilizunguka. Vita vya Sudan viliwasukuma watu kusini, wakaingia Koboko na Arua. Makambi yakajaa karibu na mpaka, kisha yakafunguliwa makazi makubwa zaidi kama Rhino Camp, Ikafe na Imvepi. Serikali ya Uganda haikupenda jina "kambi", na hadi leo karatasi zake zinasema "makazi", kwa maana kila familia ilipewa kipande cha ardhi ilime na ijilishe. Sisi wenyewe tumezoea kusema kambi, na hata kamati yetu inajiita ya kambi.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali nzuri, yenye heshima kwa mgeni, kwa sababu inamwona kuwa mtu mwenye mikono. Lakini historia ya pande hizi inatufundisha kuuliza: jembe amepewa, shamba liko wapi, na njia ya kupeleka mavuno sokoni iko wazi?

Ikafe ni fundisho. Watu walipewa ardhi, wakaunda kamati, wakaanza kulima. Mwaka 1996 waasi wa West Nile Bank Front walishambulia, watu wakakimbia tena, wakaacha mazao shambani. Hakuna somo la biashara linaloweza kuokoa muhogo ulioachwa kwa sababu ya risasi.

Mwaka 1999 Serikali ya Uganda na UNHCR zilitangaza Mpango wa Kujitegemea kwa wakimbizi wa wilaya za Arua, Adjumani na Moyo, uliokusudiwa kufika mwaka 2003. Ndani yake lilikuwamo wazo jema kwamba shule na hospitali za wakimbizi zisitengwe na za wenyeji. Lakini sheria iliyotawala wakati ule ilikuwa bado ile ya mwaka 1960, na mkimbizi alihitaji kibali ili atoke katika makazi yake. Fikirini, ndugu wasomaji. Mtu anaambiwa ajitegemee kwa kuuza mazao yake, kisha anaambiwa aombe ruhusa ya kwenda sokoni. Bei inapopanda Arua, yeye bado anasubiri muhuri. Mabadiliko yalikuja na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010, ambazo zilitambua haki ya mkimbizi kutembea nchini na kufanya kazi. Tunaamini kwamba sheria ile ilifundisha biashara kuliko semina nyingi tulizohudhuria.

Sisi wa Congo tuliohamia Koboko tuliikuta sheria hiyo tayari. Makazi ya Lobule yalifunguliwa mwaka 2013, na wengi walioingia ni Wakakwa waliopokewa na Wakakwa wenzao. Lugha moja, mashemeji palepale. Hiyo nayo ni mali isiyoandikwa katika daftari la mtaji.

WALIOTUTANGULIA

Jaribio la kuzisalimisha zile nyumba mbili, shule na soko, si letu peke yetu. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule ya Tanzania iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kuamua kazi na mapato yake. Shule nyingi zililima, lakini mara nyingi mtoto alishika jembe na mwalimu mkuu akashika hesabu. Mtoto alijifunza jasho tu.

Mfano mwingine unatugusa zaidi kwa sababu mwenyewe alikuwa mkimbizi. Patrick van Rensburg alikuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa Afrika Kusini mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka 1957 alijiuzulu kwa kupinga ubaguzi wa rangi, na hatimaye akahamia Bechuanaland, ambayo sasa ni Botswana. Huko Serowe alianzisha shule ya Swaneng Hill mwaka 1963. Mwaka 1965, alipoona vijana wengi waliomaliza shule ya msingi hawana pa kwenda, alianzisha kikosi cha waashi. Vijana walijenga nyumba za watu kwa malipo, wakalipia mafunzo yao kwa kazi hiyo, na kwa saa kadhaa waliingia darasani kusoma hesabu na lugha ya kazi ileile. Vikosi vya namna hiyo vilienea Botswana. Walijenga nyumba ambayo mtu aliihitaji kweli na akailipia, na hapo ndipo penye siri yake: soko lilikuwepo kabla ya somo.

Tunasema hivyo kwa uchungu, maana hapa kwetu tuliona kinyume chake. Miaka michache iliyopita wafadhili fulani walifundisha ushonaji kwa kundi kubwa la vijana wa sehemu moja, wakawapa cherehani za aina moja siku moja. Mafunzo yalikuwa mazuri na vyeti vilipendeza. Baada ya miezi michache cherehani nyingi zilikuwa zimeuzwa. Watu wakasema vijana ni wavivu. Lakini mtaa mmoja unahitaji mafundi nguo wangapi? Hakuna aliyewauliza wanamtaa kabla ya kununua cherehani.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Kitu kilichofanikiwa zaidi pande hizi kilikuja bila makelele. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na akina mama njia ya vikundi vya kuweka na kukopa bila benki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo iliingia Uganda, ikaenea hadi West Nile.

Ilienea upesi kwa sababu ilikuta msingi. Watu wa Congo walikuwa na likelemba yao, watu wa Sudan ya Kusini na sanduku lao, na Waswahili wa pwani wana upatu. Kilichoongezwa ni utaratibu. Watu 15 hadi 30 wanaojuana wanakutana kila juma. Kila mmoja ananunua hisa, kitabu chake kinapigwa mhuri mbele ya wote. Kuna mfuko mdogo wa kusaidiana katika msiba na ugonjwa. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na riba inaingia katika mfuko wa wote. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Mwisho wa mwaka fedha zote zinagawanywa kwa hisa.

Sisi tunaliita sanduku hilo kitabu bora cha hesabu katika kambi hii. Mama ambaye alituambia kwamba hesabu za sehemu hazimwingii kichwani alikokotoa fungu lake la mwisho wa mwaka kabla sisi hatujamaliza kutafuta kalamu. Hakuhitaji kupendezeshewa somo. Fedha zilikuwa zake.

Tangu hapo tulibadili ufundishaji wetu. Tulijua kwamba Serikali ya Uganda ilianzisha elimu ya watu wazima yenye manufaa mwaka 1992, na kwamba kati ya 1993 na 1995 huko Bundibugyo ilijaribiwa njia iitwayo REFLECT, iliyotokana na mawazo ya Paulo Freire wa Brazil, ambapo wanafunzi wanachora ramani na kalenda za maisha yao ardhini, na maneno ya kusoma yanatoka humo. Basi tukaacha ubao. Tukachukua majivu, kokoto na majani, tukaomba darasa lichore mwaka mzima wa soko letu. Wakatuonyesha miezi ya mavuno ambapo kila mtu ana fedha na kila mtu anauza kitu kilekile kwa bei ya kutupa. Wakatuonyesha Februari, karo inapowakamua wote kwa pamoja. Wakatuonyesha miezi ya njaa mvua inapoanza, ghala tupu na jembe mkononi. Mzee mmoja mwenyeji aliyepita njia alisimama, akaichungulia kalenda, akasema, "Mmesahau siku ya soko la Ariwara." Akakaa. Tangu siku ile wenyeji nao wanahudhuria.

KOSA LETU

Sasa turudi kwa mama wa mandazi, maana tunamwia deni la kweli.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tulimwomba atuletee hesabu ya siku moja. Alinunua unga wa shilingi 8,000, mafuta ya 5,000, sukari ya 3,000 na hamira ya 500. Jumla ilikuwa 16,500. Alikaanga mandazi 100 ya shilingi 200, yaani 20,000. Akasema faida yake ni 3,500. Tukamuuliza kuni. Kumbe kuni za 2,000. Watoto walikula mangapi? Matano. Aliyokopesha? Kumi. Basi fedha mkononi ni 17,000, na gharama ni 18,500. Siku hiyo alipoteza 1,500. Darasa lilinyamaza. Sisi tulijisikia walimu kwelikweli. Tukamshauri aandike kila kitu na aache kabisa kukopesha.

Alitutii, kwa kuwa watu wetu wanamheshimu mwalimu. Juma la kwanza daftari lilipendeza. Juma la tatu wateja wake walihamia kwa muuzaji mwingine. Kisha akaugua malaria. Jirani ambaye zamani alimchukulia mandazi kwa mkopo ndiye aliyekuwa akimwazima sufuria, akimlindia meza na kumtazamia mtoto mdogo. Safari hii jirani hakufika. Mama alikaa siku tisa bila kuuza, mtaji wote ukaliwa.

Kosa lilikuwa letu. Tuliona mkopo kama tundu la mfuko, kumbe ulikuwa pia bima yake, yaya wake na ulinzi wake. Kitabu chetu hakikuwa na safu ya ujirani. Tulikwenda kwake kumwomba radhi, na kikundi chake kikamkopesha mtaji mpya kutoka sandukuni. Darasa lilijadili jambo hilo jioni mbili nzima, na wao ndio waliotoa jibu. Sasa daftari zetu zina kurasa mbili za madeni. Ukurasa wa kwanza ni wa deni la biashara, lenye siku ya kulipa. Wa pili ni wa deni la ujirani, lenye kikomo: kila mtu ajue kwa siku anaweza kutoa mandazi mangapi bila kuua mtaji, na asipite hapo. Mama yule alichagua manne. Kanuni hiyo hatukuikuta katika kitabu chochote cha chuo.

Huko ndiko kujifunza ndani ya jamii tunakokuelewa sisi. Mwalimu analeta daftari, jamii inaleta safu ambazo daftari halina.

TUSIDANGANYANE

Februari 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini. Ujasiriamali na Kiswahili vyote viwili viliwekwa kati ya masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza. Tulifurahi mara mbili. Mwezi uliofuata, Machi, shule zilifungwa kwa ajili ya korona, mipaka ikafungwa, magulio yakasimamishwa. Shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022.

Katika miezi ile wanafunzi wetu walikwenda wenyewe kwenye ile nyumba ya pili ya elimu. Waliuza nyanya, wakapiga matofali, wakapakia boda boda. Wengine walikuja kuwa hodari. Lakini shule zilipofunguliwa wengi hawakurudi, hasa wasichana. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mtoto wa mkimbizi afundishwe biashara mapema, tunaitikia kwa tahadhari. Biashara iingie shuleni, isije ikamtoa mtoto shuleni.

Aidha, mwaka huohuo wa 2020 posho ya chakula kwa wakimbizi wa Uganda ilipunguzwa hadi asilimia 70. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, na walioonekana wanajiweza waliondolewa kabisa. Katika kila mkutano tuliambiwa: sasa mjitegemee. Hatukatai. Lakini mama wa mandazi alituonyesha jambo ambalo wakubwa hawakulitaja. Wateja wake ni wakimbizi wenzake. Posho yao inapokatwa, mandazi yake yanalala. Ujuzi wa kuuza hauumbi mnunuzi. Akifilisika mwezi ule, tusimwambie kwamba hakujifunza vizuri.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hiyo, kwa heshima, tunaiomba Kamati na viongozi wa Baraza la Ustawi wa Wakimbizi mambo manne.

1. Kabla ya kupokea mafunzo yoyote ya ufundi, tufanye kwanza mkutano wa wenyeji na wakimbizi, tuhesabu mafundi waliopo na kazi zinazokosa watu.

2. Mafundi na wachuuzi hodari, hata wasiojua kusoma, waalikwe darasani kama walimu, na walipwe kitu kidogo kama anavyolipwa mgeni wa semina.

3. Shamba na mradi wowote wa shule uwe na daftari linalosomwa na wanafunzi wenyewe mbele ya wazazi kila mwisho wa muhula.

4. Vikundi vya akiba viwe vya mchanganyiko, wenyeji na wakimbizi, kwa sababu historia imetuonyesha kwamba zamu hubadilika.

Tunamalizia na yule mama. Hatujawahi kuuza mandazi, na swali lake bado linatukuta hapo. Lakini juzi alikuja kukaa mstari wa mbele na daftari lake la kurasa mbili, akiwa amemleta yule jirani wa sufuria ajiandikishe. Alimwambia, nasi tukisikia: "Huyu mwalimu hajui kuuza, lakini anasikia akiambiwa."

Jirani alijiandikisha. Darasa ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, chini ya mwembe. Njooni na daftari, na asiye na daftari aje vivyo hivyo.